Mwiko wa Bi Mgeni

Tegeni masikio, na anayetafuna ameze kwanza, maana hadithi hii inapita tumboni.

Bi Mgeni wa Tanga, mpishi mkuu wa shughuli, alikuwa na wakaza wana watatu, wake wa wanawe. Mwanakombo alikuwa na jicho: akikutazama tu, anajua umelalia ubavu gani. Riziki alikuwa na mdomo: akibisha hodi, mlango unaona haya kubaki umefungwa. Saumu alikuwa na mkono: akipika mchicha, hata asiyekula majani anaomba aongezewe.

Basi Bi Mgeni akaanza kufifia. Anavaa sweta mbele ya moto, anasinzia juu ya pilau, choo hapati. "Uzee tu," akasema. Watu wakaanza kunong'ona watafute mpishi mwingine.

Mwanakombo akamkazia jicho. "Mama, uzee hauvimbishi shingo!"

Riziki akamkokota hospitali. Wakapewa dawa ya mafua. "Mafua yanakaa shingoni, daktari? Pima damu, sitoki hapa!"

Damu ikapimwa. Kumbe askari wa mwili wamekosea adui, wanaishambulia tezi ya shingo, ile inayoupa mwili moto wake. Daktari akaandika vidonge vya kila asubuhi. "Na tumbo mlitunze," akasema. "Bakteria wa utumbo huenda wanawachochea hao askari, au wanawatuliza. Wataalamu bado wanachunguza."

Vidonge vikamezwa, sweta halikutoka. Saumu akachungulia: mama mkwe anavishushia kwa chai ya maziwa, na vitumbua juu! "Mama, hiyo dawa unaiogesha! Maziwa yanaizuia kuingia damuni." Akabadili: kidonge kwa maji, chai baadaye kabisa. Mchana maharage, mchicha na mtindi, karamu ya bakteria.

Sweta likatoka, usingizi ukahama. Siku ya harusi ya jirani, Bi Mgeni akasimama mbele ya sufuria. "Leo nastaafu. Aliyeniponya achukue mwiko, awe mpishi mkuu."

Mikono mitatu ikanyooka.

"Bila jicho langu ungezikwa na sweta," akasema Mwanakombo.

"Bila mdomo wangu ungekuwa unatibiwa mafua mpaka leo," akasema Riziki.

"Bila mkono wangu, dawa ingeishia kwenye chai," akasema Saumu.

Riziki akacheka. "Waliowatuliza askari ni bakteria, shoga. Wape wao mwiko!"

"Na nani kawapikia hao bakteria?"

Bi Mgeni akautazama mwiko. Ni mmoja. Maji yanachemka, mchele unangoja kukorogwa, na bwana harusi ameshateremka garini.

Haya, nyinyi mnaocheka hapo: mwiko apewe nani? Semeni upesi, wageni wana njaa!