Buni Mbili Zilizopungua

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, kwani vidonge vya uzazi wa mpango vilikuwa vimekwisha kupanda milimani, Kandida alijifungua mtoto wa tatu akavuja damu nusura afe. Daktari akamwambia, "Usibebe mimba nyingine kabla ya miaka miwili. Ukibeba, siwezi kukuahidi uhai."

Mtoto alipotimiza miezi saba, jirani alimgawia Kandida vidonge vyake. Alipokwenda navyo zahanati, muuguzi Eufrasia akavikataa. "Dawa hii haiazimwi kama chumvi." Akampima shinikizo la damu, akamuuliza kuhusu sigara, damu kuganda miguuni, na kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni. Shinikizo lilikuwa la kawaida, na hayo mengine hakuwa nayo. Ndipo akampa pakiti ya dozi ndogo. "Wanawake mia wakimeza mwaka mzima bila kukosa, ni nadra hata mmoja kushika mimba. Wakisahausahau, hushika kama saba."

"Na kizazi hakiozi?" akauliza mama mkwe, Bibi Rustika.

"Hakiozi, mama. Akiacha, atazaa."

Kosmas, mume wa Kandida, mkulima wa kahawa, hakuamini kumbukumbu ya mtu yeyote. Kila jioni Kandida alipomeza, yeye alitia buni kibuyuni. Kidonge kimoja, buni moja. Kidonge kimoja, buni moja.

Mwezi wa tano walikwenda wote matangani, pilikapilika zikawasahaulisha. Waliporudi, Kosmas akamwaga buni, akazilinganisha na siku.

"Mke wangu, mbili zimepungua."

Wakaenda mbio kwa Eufrasia. "Meza kimoja sasa hivi, uendelee kila siku. Na siku saba msikutane."

Jioni ile Bibi Rustika akaukunja mkeka wa Kandida, akaupeleka chumbani kwake mwenyewe. "Kosmas nimemzaa mimi. Siku saba kwake ni tatu."

Pakiti ishirini na sita zikaisha: siku mia saba na ishirini na nane, yaani miaka miwili kasoro siku mbili, na ukijumlisha miezi saba ya mwanzo, muda wa daktari ulikuwa umepita. Kandida akaacha vidonge, akashika mimba, akazaa binti bila kuvuja damu.

Desturi yao ilikuwa hii: siku ya kumtoa mtoto nje, mama humtaja mtu aliyemlinda hadi akazaa salama, naye huyo huchagua jina la mtoto.

"Bila kipimo changu," alisema Eufrasia, "angemeza dawa ya jirani kwa kubahatisha."

"Bila buni zangu," alisema Kosmas, "tusingejua tumekosa."

"Pakiti yenyewe ingekwambia, ina siku mgongoni," alisema Bibi Rustika. "Bila mkeka wangu, ungeiharibu hesabu yako mwenyewe."

Kandida alimpakata binti yake. Alikumbuka kichefuchefu cha wiki za kwanza, na wanawake kisimani waliomwita mgumba wa hiari. Koo lililomeza lilikuwa lake, na hakuna aliyelitaja.

Wote watatu wakamtazama mdomoni.

Nanyi mliosikiliza hadi hapa, hesabu mnayo: lau mngekuwa Kandida, mngemkabidhi nani jina la mtoto?