Jino la Bi Kicheko

Chumba cha kushonea cha Bi Kicheko kilikuwa kidogo, nacho kilijaa pomoni. Cherehani ilikaa chini ya dirisha ili ipate mwanga, meza ya kukatia ilibanana na ukuta, na sakafuni vipande vya vitambaa vilitapakaa kama majani baada ya upepo mkali. Kwenye kona, mumewe, mlinzi mstaafu, alisimama na pasi mkononi. Tangu astaafu alikuwa akimpigia mkewe pasi mishono yote, tena kwa makini kana kwamba bado analinda mali ya watu.

Jina hilo la Bi Kicheko hakulipata bure. Mama huyu alipocheka, alicheka kwa kinywa chote, kichwa nyuma, meno nje kama punje za mahindi kwenye gunzi. Mama yake mzazi hakuwa na bahati hiyo. Aling'olewa meno ya mbele angali kijana, na tangu siku hiyo hadi alipozikwa alicheka nyuma ya kiganja, kama mtu aliyeiba sukari. Bi Kicheko aliapa kwamba yeye hatacheka mafichoni.

Lakini kiapo ni kitu kimoja na mazoea ni kingine. Mikasi ilining'inia msumarini, mikali, imetulia. Nyuzi alizikata kwa jino la juu la mbele.

"Mkasi unautafuta," alikuwa akisema, "jino linakungoja."

"Siku moja jino hilo litagoma," mumewe alimwonya.

"Litagomaje, nalo halijui kusoma?"

Basi likagoma bila kusoma. Lilianza kwa kushtuka kila alipokunywa maji baridi. Baadaye likawa linapwita lenyewe, hata akiwa amekaa kimya. Bi Kicheko akabana karafuu, akasukutua kwa maji ya chumvi, akameza vidonge alivyopewa na jirani ambaye naye alipewa na shemeji yake. Hakumwambia mtu. Ila mumewe aligundua, kwa sababu chumba kilipoa. Mkewe alikuwa akicheka na midomo imebanwa kama mtu anayepuliza chai ya moto.

"Twende kwa daktari wa meno," alisema mzee.

"Ataling'oa."

"Hujamuuliza."

"Nimuulize nini, baba watoto? Umewahi kuona mtu ameingia kwa kinyozi akatoka na nywele nyingi zaidi?"

Hata hivyo maumivu hayana heshima. Yalipomzuia kula, alifunga chumba, akajitanda, akaenda na mumewe nyuma yake kama kivuli.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa binti yao, mwenye mikono midogo na sauti ya taratibu. Alipiga picha ya jino, akaiangalia, kisha akawaonyesha.

"Mama, hiki kivuli kwenye ncha ya mzizi ni usaha. Nyama laini iliyomo ndani ya jino imekufa, imeoza. Tunaweza kuling'oa, au tutibu mzizi. Nitakutia ganzi, nitoboe tundu dogo kwa nyuma, nitoe uchafu wote, nisafishe, niweke dawa. Ukirudi nitauziba mzizi kabisa. Mwisho tutalivalisha kofia ngumu ya kulifunika lote, maana jino lililokufa huwa jepesi kuvunjika."

"Yaani linabaki?"

"Linabaki, ukimaliza matibabu."

Sikio la mgonjwa huchagua. Bi Kicheko alisikia "linabaki". Hayo mengine yalipita dirishani.

"Na vidonge nilivyomeza?" mumewe akauliza, kwani yeye ndiye aliyekuwa akisikiliza.

"Vinatuliza kwa muda, mzee. Lakini ndani ya jino lililokufa damu haipiti tena, kwa hiyo dawa ya kumeza haifiki. Uchafu lazima utolewe kwa mkono."

Sindano ilichoma kama siafu mmoja mwenye hasira, kisha mdomo ukawa mzito, kama wa kuazima. Bi Kicheko alikuwa amejiandaa kupiga mayowe. Akayatafuta, asipate pa kuyatumia. Alisikia kukwaruzwa na kusuguliwa, basi. Aliyeteseka ni mumewe, aliyekaa kwenye kiti cha pembeni amekumbatia mkoba wa mkewe, jasho likimtiririka. Alipoona mkewe ameachama kinywa na hawezi kujibu, akapata ujasiri.

"Daktari, ukiweza, mwache hivyo hivyo mpaka jioni. Nina mambo ya miaka mingi ya kumwambia."

Mguu wa Bi Kicheko ulirusha teke hewani.

Walipoagana, daktari alimshika bega. "Nimeziba kwa muda tu, mama. Usile mpaka ganzi iishe, usije ukajing'ata mdomo. Usiling'atie kitu kigumu. Na wiki ijayo urudi hata kama halikuumi. Hasa kama halikuumi."

Wiki hiyo Bi Kicheko alilala kama mtoto mchanga. Jino likawa kimya, kicheko kikarudi, wapita njia wakaanza tena kutabasamu bila kujua kwa nini. Siku ya miadi ilipofika, alikuwa amezama kwenye sare za shule.

"Leo ni kwa daktari," mumewe alimkumbusha.

"Kufanya nini? Mtu hupeleka maumivu kwa daktari. Mimi nitampelekea nini, salamu?"

"Alisema hasa kama halikuumi."

"Alisema hivyo kwa sababu amenipenda."

Miadi ikapita, na nyingine ikapita. Akaanza tena kukata nyuzi kwa jino, kwanza zile nyembamba, kwa woga. Halafu zote, kwa mazoea. Mzee aliona, akaendelea kunyoosha kola. Ndoa yao ilidumu kwa sababu alijua wakati wa kusema na wakati wa kupiga pasi.

Asubuhi moja akaja mwalimu, mteja wao wa siku nyingi, kujaribu gauni lake jipya. Lilikuwa limepigwa bandi tu, zile nyuzi ndefu za kushikiza kabla ya mshono wa cherehani. Mwalimu alijigeuza mbele ya kioo, akafurahi.

"Limenikaa! Nakwenda nalo hivi hivi, shoga. Nina shughuli mchana."

"Unakwenda nalo wapi?" Bi Kicheko aliruka. "Hizo ni bandi! Ukipiga chafya mbili utabaki na kola shingoni!"

"Mbona limeshika vizuri?"

"Limeshika kwa sababu umesimama! Kazi ya bandi ni kushikilia tu mpaka mshono uje. Vua, vua haraka, usiniharibie jina!"

Kwenye kona, mzee akakohoa.

"Hicho kikohozi cha nini?"

"Moshi wa pasi."

"Pasi ya umeme ina moshi? Sema!"

"Nimekumbuka jino la mtu mmoja," alisema mzee polepole. "Limezibwa kwa bandi, mwenyewe anatembea nalo mjini."

Mwalimu akaangua kicheko. Bi Kicheko hakucheka. Uso ulimwaka, akachukua suruali ya jinzi iliyokuwa mezani, akauvuta uzi wake mnene, akautia kinywani kuwaonyesha kwamba jino lake ni zima. Akang'ata.

Ka!

Kitu cheupe kiliruka kikaangukia kwenye vitambaa. Mwalimu, na gauni lake la bandi, alipiga magoti kukitafuta. Bi Kicheko alipitisha ulimi, akakuta ncha kali, na nyuma yake shimo. Kiganja chake kikapanda chenyewe kufunika kinywa. Alipojiona kwenye kioo, alimwona mama yake.

Mzee alizima pasi. Alichukua mkoba wa mkewe, akamfungulia mlango.

Walipofika, mdomo wa juu ulikuwa umeanza kuvimba. Daktari hakufoka. "Nilikungoja, mama," alisema tu, na neno hilo likamchoma kuliko sindano. "Kizibo cha muda hakikuwekwa kidumu. Kimevuja, vijidudu vimerudi. Sasa ngoja niangalie ufa. Kama umeshuka mpaka kwenye mzizi, sitaweza kuliokoa."

Bi Kicheko aliutafuta mkono wa mumewe, akaukamata. Daktari akapiga picha, akamulika, akagusa, akamulika tena. Mzee alikuwa anasoma midomo yake kama mtu anayesubiri hukumu ya mwanawe.

"Limemeguka ncha tu," daktari alisema hatimaye. "Mzizi mzima. Lakini tunaanza upya, na safari hii kazi ni kubwa zaidi, maana usaha umeongezeka. Utakuja mara nyingi."

"Nitakuja," alijibu Bi Kicheko nyuma ya kiganja. "Hata ukinichoka."

Akaja. Alikuja lilipouma na lilipopoa. Alikuja mvua ikinyesha, sare za shule zikimsubiri mezani. Nyuzi alizikata kwa mkasi, akiusonya kila mara kwa uvivu wake. Mzizi ukasafishwa, ukazibwa kabisa, na siku ya mwisho jino likavalishwa kofia nyeupe inayofanana na wenzake. Daktari akampa kioo. Bi Kicheko alijitazama, akamtazama mumewe, na kicheko kikatoka chote, kichwa nyuma, mikono yote miwili mapajani.

Alipotoka, mlangoni alikutana na bwana mmoja mnene, shavu moja bado lina ganzi, akizungumza kwenye simu: "Limepoa kabisa, mke wangu. Ameniambia nirudi wiki ijayo, lakini ya nini?"

Bi Kicheko akamshika mkono wa shati.

"Baba, rudi wiki ijayo."

"Mama, sisikii maumivu yoyote!"

"Ndiyo maana nakwambia. Umeshavua shati na suruali, umesimama kando ya maji, sasa unataka kwenda nyumbani hivyo hivyo? Watu watakuona!" Akamwachia, akautwaa mkoba wake kwa mumewe, akamalizia akicheka wazi, meno yote nje: "Kamalize, baba. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga."