Kucha za Naelijwa

Sikilizeni, kisha mniamulie.

Milimani Upare, katika kijiji cha wafinyanzi, waliishi watu watatu. Namkunda alijua kuamuru. Akisema simama, hata mbuzi husimama. Eliamani, tabibu wa zahanati, alijua kuandika alichokiona, bila kuongeza wala kupunguza. Naelijwa, binti wa miaka ishirini na mbili, alijua kutoharakishwa. Ukimkatiza, anaanza upya.

Asubuhi moja Naelijwa alikwenda peke yake kuchimba udongo. Mnunuzi wa vyungu alimfuata shimoni, akambaka.

Alirudi na udongo mikononi hadi kwa jirani yake, Namkunda. Akamweleza lililotokea na aliyelitenda. Kisha akainama anawe kwenye mtungi wa mlangoni. Wafinyanzi wa pale wana mwiko: mtu haingii ndani na udongo mikononi, la sivyo vyungu vitapasuka motoni. Aliyekuwa akiwafokea wenzake kwa mwiko huo ni Namkunda mwenyewe. Sasa akamshika mkono.

"Usinawe, mwanangu."

"Na vyungu je, mama?"

"Vipasuke. Ulimkwaruza?"

"Shingoni."

"Basi tunakwenda kwa daktari hivyo hivyo."

Akamwingiza ndani, akamfunika khanga, wakatoka. Wiki hiyo vyungu kumi na saba vilipasuka, na wenzake wakamnunia Namkunda mwezi mzima.

Mnunuzi huyo alikuwa shemeji yake Eliamani, mume wa dada yake. Hata hivyo tabibu alimpima Naelijwa, akaandika kila jeraha kwenye fomu ya polisi. Akamkata kucha, akazitia kwenye bahasha ya karatasi, kwa kuwa kwenye mfuko wa nailoni unyevu ungeziozesha. Akaifunga, akatia sahihi, akamkabidhi polisi mkononi. Jioni dada yake akaja.

"Andika kwamba hukuona vizuri. Hilo tu."

"Dada, nimeona vizuri."

Tangu siku hiyo dada hajamsemesha.

Mahakamani, kwenye chumba cha faragha, mnunuzi alisema hakufika shimoni kamwe. Maabara ikajibu kwamba ngozi iliyokutwa kwenye udongo wa kucha ni yake. Wakili wa mnunuzi akageuza maneno: labda waligombana juu ya bei. Akamhoji Naelijwa kwa muda wa saa mbili.

"Mbona polisi hukuwaambia kwamba alivaa kofia?"

"Hawakuniuliza kofia. Waliniuliza alichonifanya."

"Jibu upesi!"

"Basi naanza upya," akasema Naelijwa. Akasimulia tena, toka mwanzo, na halikubadilika neno.

Mnunuzi alifungwa miaka thelathini. Hakimu alisema: kucha zingeoshwa, ngozi isingekuwepo. Bahasha ingekuwa ya nailoni, ngozi ingeoza. Na bila maneno ya binti, ngozi ingethibitisha mkwaruzo tu, isingesema sababu yake. Lingekosekana moja, ningebaki na shaka, na mwenye shaka hafungi mtu.

Sasa, wafinyanzi wale kila mwaka hutoa chungu cha kwanza kutoka motoni kwa mtu aliyetenda jambo kubwa kuliko wote. Hukipeleka mlangoni kwake kwa nyimbo. Chungu ni kimoja.

"Ni cha Namkunda," wakasema wengine. "Alivunja mwiko wake mwenyewe."

"Namkunda alipoteza vyungu," wakajibiwa. "Daktari kapoteza dada."

"Acheni mchezo," akasema Namkunda. "Sisi tulisaidia. Aliyesimama mahakamani ni Naelijwa. Mpelekeeni yeye."

Naelijwa akatikisa kichwa.

"Mkinipelekea, kila mgeni atauliza nilikipatia nini. Nitamjibuje? Mnataka nitoe ushahidi maisha yangu yote?"

"Na tukikupita," akasema Namkunda, "tutakuwa tumesema kwamba zilizoshinda kesi ni kucha, siyo wewe."

Mpaka sasa hawajaafikiana.

Chungu kimeshapoa, na wanawake wamesimama nacho njiani. Nyinyi mliosikia, mngewaambia wakipeleke mlango gani?