Siki ya Mwisho Mtungini

Pupa si njaa. Mwenye njaa akiambiwa asubiri, humeza mate akasubiri. Mwenye pupa hutia mkono chunguni moto ungali unawaka. Hayo Rosenda aliyasikia tangu utotoni, kwa maana mama yake, Nanang Ising, hakuchoka kuyasema jikoni. Lakini kusikia si kushika.

Nanang Ising alifariki mwezi wa Februari kijijini kwao Ilocos, Ufilipino, Rosenda akiwa Hong Kong katika kazi za nyumbani. Tajiri yake alichelewa kumpa ruhusa, na alipofika, udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka. Alikuta picha ya mama mezani, mshumaa, na baba yake, Tatang Kulas, amekonda kama ng'onda. Tangu mazishi mzee alikuwa akila uji wa mchele tu. Kila akibembelezwa alijibu kwamba nyama ataila siku ya arobaini, adobo ya nguruwe, ile nyama ya kuchemshwa kwa siki, itakapopikwa kwa siki ya mkewe.

Siki hiyo marehemu aliitengeneza mwenyewe kwa maji ya miwa. Ilikuwa imebaki kidogo mtungini, ya kutosha chungu kimoja tu. Rosenda aliomba apike yeye. Hakusema sababu, ingawa ilimkaa rohoni kama jiwe: hakumzika mama yake, basi angalau ampikie sahani ya arobaini.

"Nikuachie wewe?" dada yake mkubwa, Belen, ambaye yeye humwita Manang, alimtania. "Wewe uliyezoea majiko ya kubonyeza?"

"Kule napikia watu wanane kwa saa moja, Manang."

"Hao wanane wanataka kushiba tu. Leo anakula Nanang. Sasa nisikilize: siki ikishaingia, usifunike, usikoroge. Mwiko uweke mbali mpaka ichemke yenyewe. Ukiikoroga mbichi, itabaki mbichi."

"Najua, bwana! Kwani sikuzaliwa humu humu?"

"Ulizaliwa, ndiyo," Belen alisema, akijifunga kitambaa kichwani. "Ulikaa?"

Akaenda kuwachukua akina mama wa sala. Rosenda alibaki na chungu chake. Nyama ilikuwa imeshaanza kulainika pamoja na kitunguu saumu, chumvi na pilipili manga. Akamimina siki yote, akaketi kwenye kigoda.

Siki ikatulia tuli. Punde akasikia sauti za akina mama wakija barabarani. Wakute chakula hakijaiva, Belen atasema nini? Akachochea kuni. Bado. Akauchukua mwiko, akaurudisha, akauchukua tena. "Mara moja tu," alijiambia, akakoroga. Mvuke mkali ukampanda puani hadi machozi yakamtoka, naye akajipa moyo kwamba siki ndivyo ilivyo.

Kuonja hakukuruhusiwa, kwa sababu wa kwanza kula ni marehemu. Sahani iliwekwa mbele ya picha, pamoja na wali na glasi ya maji, sala zikasomwa. Ndipo Tatang Kulas alipopakuliwa. Alitia kipande mdomoni, akatafuna taratibu, akasita. Akakimeza kwa shida. Belen naye alionja, akamtazama mdogo wake.

"Umekoroga?" mzee aliuliza.

Rosenda aliinama. "Nilikoroga, Tatang. Mara moja tu."

"Siku arobaini nimeungoja mkono wa mama yako," mzee alisema bila ukali. "Wewe hukuweza kuungojea hata mchemko mmoja."

Hakuna aliyemgombeza. Laiti wangemgombeza! Alirudisha nyama motoni, akatia sukari, akachemsha tena na tena, lakini ule uchachu mbichi haukutoka. Hapo Rosenda alilia kilio ambacho hata kaburini hakukilia.

Kesho yake mzee aliuinamisha mtungi. Chini yalikuwa yamebaki mashapo ya siki ya mkewe. Akayamiminia maji mapya ya miwa, akaufunga mdomo wa mtungi kwa kitambaa.

"Itakuwa tayari kwenye ukumbusho wa mwaka," alimwambia Rosenda. "Utakuwepo?"

Tiketi ya Rosenda ya kurudi Hong Kong ilikuwa ya Jumapili, na mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili.

Mwaka ulipotimia, Belen alipika, mwiko ukiwa umening'inia ukutani mpaka siki ilipochemka. Rosenda aliyaona yote kwenye simu, amesimama jikoni kwa tajiri yake. Tatang Kulas alimaliza sahani ya kwanza, akaomba ya pili, kisha akafumba macho.

"Ni yeye," mzee alisema. "Ni yeye kabisa."

Rosenda aliisogeza simu karibu na uso, akameza mate matupu. Ama kweli, mwenye pupa hadiriki kula tamu.