Nafasi ya Jina Moja

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya masultani, ni ya majuzi tu, palikuwa na mtaa wa nyumba nane pembezoni mwa mji mmoja wa Uingereza. Mtaa haukutokea popote: unaingia, unafika mwisho, unageuza. Nyumba zote za matofali mekundu, zote zina bustani ndogo mbele, na kila bustani ina ua wa miti uliokatwa sawasawa. Watu wake hawakuwa wabaya. Mkikutana mtazungumza habari ya mvua, mvua ikiisha mtazungumza habari ya jua, kisha kila mtu kwake. Unaweza kukaa pale miaka kumi ukakijua kikohozi cha jirani, na usijue sebuleni kwake pana viti vingapi. Msicheke, hata nyinyi mna yenu.

Mtaa huo ulikuwa na sheria kubwa moja, ya mapipa ya taka. Kila nyumba ina mapipa mawili, jeusi na la kijani. Wiki hii gari la taka linachukua jeusi, wiki ijayo la kijani. Ukitoa silo, wanalipita kana kwamba hawakuliona, na lile lililopaswa kutoka utakaa nalo wiki mbili zaidi. Manispaa iligawa karatasi ya ratiba, lakini nani aliisoma? Walimtazama Clifford.

Clifford alikuwa mzee wa miaka themanini na moja, mgane, mkewe Dorothy amekufa miaka sita nyuma, mtoto hawakujaliwa. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akiongoza ishara za reli, na mtu wa ishara za reli hakosei, maana akikosea watu wanakufa. Kila Jumanne saa kumi na moja jioni alitoa pipa lake. Nyumba saba zikachungulia, zikaona rangi, zikatoa rangi hiyo hiyo. Miaka kumi na tisa hivyo.

Jumanne moja Clifford akatoa jeusi, na wiki ilikuwa ya kijani. Mtaa mzima ukatoa jeusi. Jumatano saa moja asubuhi gari likaingia, likageuza, likaondoka bila kugusa pipa hata moja. Wenye nyumba wakaguna, wakayarudisha mapipa yao, wakaenda kazini wakimnung'unikia mzee. Pipa la Clifford likabaki barabarani peke yake.

Ng'ambo ya barabara aliishi Hilary, mwalimu wa piano aliyestaafu, hana mume, hana paka. Hilary alikuwa na siri: alikuwa akiwatazama majirani kutoka nyuma ya pazia. Katika mtaa ule hiyo ni aibu. Afadhali useme unaiba maua. Saa mbili asubuhi Hilary alilitazama lile pipa, akajiambia: Clifford hakosei, kama amekosea basi anaumwa. Mtaa mzima uliona kosa la pipa, yeye peke yake akaona ugonjwa. Na baada ya kuuona akafanya nini? Akakaa. Akanywa chai, akaosha kikombe, akanywa nyingine. Akienda kubisha atasema amejuaje? Atasema alikuwa akichungulia? Ilipofika saa nane mchana roho ikamshinda, akampigia simu Trevor.

Trevor alikuwa jirani wa ukuta mmoja na Clifford, mtu mpole, fundi wa kurekebisha miwani. Trevor alikuwa na ufunguo. Marehemu Dorothy ndiye aliyempa, akamwambia: "Huu ni wa moto na wa bomba likipasuka. Vinginevyo usiutumie, Clifford hapendi watu ndani." Trevor akaahidi. Miaka kumi na moja ufunguo ulining'inia kwenye msumari jikoni kwake, haujawahi kuingia kwenye kitasa.

Trevor akauchukua, akaenda, akabonyeza kengele. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Hakukuwa na moto, hakukuwa na bomba lililopasuka, na ahadi ni ahadi. Akasimama pale mlangoni dakika ishirini, ufunguo kiganjani, Hilary pembeni yake, wote wawili wakiutazama mlango.

Hapo ndipo akatokea Mwanatumu. Huyu ni wa kwetu, mzaliwa wa Pangani, mpishi wa jiko la shule, na amekaa katika nyumba namba saba miaka kumi na minne. Akawauliza kulikoni. Wakamweleza, kila mmoja akimalizia sentensi ya mwenzake. Mwanatumu akasogea mlangoni akapiga hodi kwa sauti ya Pangani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sasa mnajua wenyewe tulivyofunzwa: hodi tatu, usipoitikiwa, geuka urudi. Ni nyumba ya watu, hujui mwenyewe yu vipi ndani. Mwanatumu aligeuka kweli, akapiga hatua mbili. Kisha akarudi akamwambia Trevor: "Fungua, mimi nitaingia."

Trevor akafungua. Lakini hakuvuka kizingiti, wala Hilary hakuvuka. Mwanatumu akapanda ngazi peke yake, akamkuta Clifford kwenye sakafu ya bafu, kama alivyozaliwa, nusu ya uso imelegea, baridi imemwingia mpaka kwenye mifupa. Akavua mtandio wake akamfunika. Akaita ambulensi ije. Akakaa sakafuni akiwa amemshika mkono, akimwita Mzee, Mzee, mpaka watu wa ambulensi wakapanda. Kichwa chake mwenyewe wazi mbele ya wanaume wageni, na hakulikumbuka hilo mpaka usiku.

Daktari akasema ni kiharusi. Akasema kilianza kumgusa tangu Jumanne, na pipa lile ndilo lilikuwa dalili ya kwanza. Akasema saa moja zaidi na wasingemkuta.

Haya, Clifford akapona kiasi, ulimi ukarudi, mkono ukarudi. Lakini mshipa wa shingo ulikuwa umeziba, ilibidi apasuliwe Jumanne inayofuata. Jumapili majirani wote watatu wakaja hospitalini kumtazama kwa wakati mmoja, kila mmoja na zabibu zake. Nesi naye akaja na fomu. Fomu ina mstari mmoja: jina la mtu wako wa karibu. Huyo ndiye atakayepigiwa simu likitokea la kutokea. Huyo ndiye atakayeruhusiwa kufika kitandani baada ya kisu, na daktari akitaka kuuliza neno, atamuuliza huyo. Nesi akasema nafasi ni ya jina moja.

Clifford akaushika ule mstari kwa macho muda mrefu. Miaka sita mstari huo kwake ulikuwa mtupu. Akasema, "Sina ndugu. Nina nyinyi. Niambieni niandike nani."

Kwanza wakafanya yao ya mtaani. Hilary akasema la, si mimi. Trevor akasema la, Hilary. Kisha Hilary akaweka zabibu chini, akasema kweli.

"Mimi nilikuona, Clifford, tangu saa mbili asubuhi. Watu wote waliona pipa. Miaka yote nimekutazama, najua taa yako inazimwa saa ngapi. Naona haya kulisema, lakini bila haya yangu usingekuwa hapa. Na fomu yangu mimi pia ni tupu."

Clifford akamjibu kwa upole, "Uliniona saa mbili. Mlango ulifunguliwa saa tisa."

Trevor akasema, "Mimi ndiye Dorothy aliyemchagua. Hakumpa mwingine ufunguo. Siku ile nilivunja ahadi niliyompa marehemu, na sijawahi kuvunja ahadi. Bila ufunguo, macho ya Hilary yangeishia kwenye mbao."

Clifford akasema, "Ulinilinda sana, Trevor. Nilisikia kengele, nikashindwa kuita, nawe ukasimama dakika ishirini."

Ikafika zamu ya Mwanatumu. Clifford hakuweza kumtazama usoni, maana huyu alimwona uchi, na mzee wa Kiingereza ni mzee kama mzee mwingine yeyote. Mwanatumu akasema, "Mzee, mimi nilikufunika. Wenzangu walibaki nje. Mama yangu alifia Pangani, simu ikanifikia siku ya nne, ameshazikwa. Nataka mara moja nipigiwe kwanza."

Mnaona? Najua mmeshaanza kutikisa vichwa, mgeni njoo mwenyeji apone, na mgeni ni wetu. Ngojeni kidogo. Mwanatumu alikuwa hajamaliza, na hakuna aliyemlazimisha kumalizia.

"Lakini niseme na hili. Ratiba ya mapipa iko kwenye friji langu. Mimi huisoma. Jumanne ile nilitoa la kijani. Nikaona yako jeusi, na mengine yote meusi, nikalirudisha langu nikatoa jeusi, nifanane nanyi. Nilijua umekosea, Mzee. Nikasema mtaa si wangu, niwasahihishe mimi nani."

Nesi akatazama saa yake, ana wagonjwa wengine. Clifford akaomba kalamu, akaandika jina moja, pole pole, kwa mkono ule uliorudi juzi. Nesi akaichukua fomu akaenda nayo. Wale watatu wakarudi kwa basi moja, wakizungumza habari ya mvua.

Jina nalijua, na silitaji. Ishikeni nyinyi kalamu. Aliyeona akakaa, mwenye ufunguo akasimama, na aliyeingia kumbe alijua tangu jana yake. Jumanne mzee yuko chini ya kisu, na simu italia katika nyumba moja tu. Je, ilistahili kulia kwa nani?