Mjomba Aliyeleta Mchwa

Ko.

Mmesikia? Sauti moja tu, imetoka kule pembeni, ndani ya tenga la kuku wetu. Nyamazeni kidogo tusikilize. Haya, imetulia. Leo ni siku yake ya ishirini na moja juu ya mayai, na mimi sina usingizi. Sogeeni karibu na meko, niwape ngano ya kumsindikiza.

Paukwa.

— Pakawa.

Palikuwa na nini?

— Palikuwa na kiota.

Na ndani ya kiota?

— Palikuwa na joto.

Basi joto lisitoke. Fungeni mlango, uongo utapita dirishani.

Hapo kale alikuwapo kuku mmoja ambaye shingo yake haikuwa na hata unyoya mmoja, kwa hiyo akaitwa Kishingo. Kiota chake kilikuwa ndani ya mtungi mkuukuu uliolazwa ubavu nyuma ya jiko la watu. Mtungi ulikuwa na mdomo mmoja tu, nao mwembamba. Kishingo akiatamia, mgongo wake huelekea ndani na uso wake huelekea nje, mlango wote ukawa ni yeye.

Mara ya kwanza alitaga mayai, akaondoka kwenda kunywa maji, akarudi, akakuta maganda. Mara ya pili alitaga mayai, akaondoka kwenda kudona mtama, akarudi, akakuta maganda. Mara ya tatu alitaga kumi na moja, akayakalia, akasema moyoni: siondoki.

Nani alikula mayai yale? Mnamjua. Ana ulimi wa panda, mkia kama mjeledi, ngozi kama gome la mti, na akitembea tumbo linaburuzika chini, shwaa, shwaa, shwaa. Jina lake silitaji. Ni mwiko, mbele ya kuku anayeatamia mla mayai hatajwi. Kifaranga akilisikia jina lile akiwa ndani ya yai, kabla mwenzake hajalia nje, huogopa kutoka, na yai huwa viza. Kishingo naye alikuwa ameapa halitapita mdomoni mwake mpaka asikie mwanawe akilia chini ya bawa. Na kuku wetu yule pale, anatusikiliza. Mwanakheri, naona midomo yako inacheza. Meza hilo neno. Sisi tutamwita Mjomba.

Aliyeanza kumwita Mjomba ni Mjusi. Mjusi alikaa katika ufa wa ukuta, juu ya mtungi. Alikuwa mdogo kama kidole, na kwa sura alifanana na Mjomba kama punje inavyofanana na muhindi. Kazi yake ilikuwa kuteremka kila asubuhi, tk, tk, tk, akapita katikati ya manyoya ya Kishingo na kumla utitiri. Utitiri ukimzidi kuku hukimbia kiota. Kwa hiyo Mjusi alishiba, na Kishingo akakaa kwa raha. Huo ndio ulikuwa ujirani wao.

Basi Mjomba akaja, shwaa, shwaa, shwaa, akalala kwenye nyasi mbele ya mtungi. Kuingiza kichwa hakuthubutu, maana aliogopa mdomo wa kuku aliyeatamia. Mdomo ule hutafuta jicho. Lakini alijua kungoja. Aliwaza kwamba kuku ni tumbo kama sisi, na njaa itamtoa.

Siku ya kwanza Kishingo hakutoka. Siku ya pili hakutoka. Siku ya tatu kishungi chake kilipauka kama majani ya maharage kiangazi. Siku ya nne Mjusi alipoteremka kumla utitiri, aliuhisi mfupa wa kifua ukimkwaruza tumboni.

Akamwambia, "Dada, utakufa juu ya mayai haya."

Kishingo akafumbua jicho moja. Akasema, "Nikitoka wanakufa wao. Nikikaa nakufa mimi. Wewe ungechagua nini?"

Mjusi alikwenda akamletea sisimizi mmoja, maana mdomo wake haukubeba zaidi. Kishingo akamla, akashukuru kwa adabu, kana kwamba ameletewa sinia. Shukrani ile ilimuuma Mjusi kuliko njaa ya Kishingo yenyewe. Akapanda ukutani, akafikiri mpaka mkia ukatikisika. Kisha akateremka upande wa nyasi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Nani amekuambia mimi ni mjomba wako?"

"Ukoo hauambiwi, Mjomba, unaonekana. Tazama vidole vyangu, tazama vyako. Nimekuja kukupa pole."

Mjomba akauliza pole ya nini. Mjusi akamweleza taratibu kwamba kuku yule yu karibu kufa, naye hatatoka, atafia palepale. Atakapopoa, mayai yatapoa. Mayai yakipoa ni viza, na viza halina utamu, lina harufu tu. Halafu akashusha sauti, akamwambia kwamba hata leo, akiyala, yai moja ni tone la uteute. Lakini yai la siku ishirini na moja, hilo ni nyama ndani ya ganda.

Mjomba akameza mate. Ulimi ukatoka, ukarudi. "Sasa huyo kuku atalishwa na nani?"

"Ningekuwa mkubwa ningemlisha mimi. Lakini mimi nina mdomo wa punje. Wewe una kucha za kufukua kichuguu."

Wakapatana. Mjomba atalisha. Siku ya ishirini na moja, kila yai litakalokutwa kiotani ni lake, na hakuna atakayemzuia. Mjusi akaapa kwa ukuta wake.

Basi kesho yake, shwaa, shwaa, shwaa. Mjomba akaja na mchwa mdomoni, akawatema mbele ya mtungi. Kishingo akanyoosha ile shingo yake tupu, akadona, do, do, do. Hakusema neno.

"Tayari?" akauliza Mjomba.

"Bado, Mjomba," akajibu Mjusi.

Kesho yake tena, shwaa, shwaa, shwaa. Akaja na mchwa, na maji katika gamba la konokono. Kishingo akadona, akanywa, akainua kichwa maji yateremke. Hakusema neno.

"Tayari?"

"Bado, Mjomba."

Ikawa hivyo kila siku. Mchwa wakipungua, Mjomba alikwenda kichuguu cha mbali. Mvua iliponyesha aliokota kumbikumbi, akawang'oa mbawa kwanza, maana alimwona Kishingo akikwamwa na mbawa. Ngurumo zilipoanza alikwenda nyuma ya jiko, akachukua kipande cha mkaa, akakisukuma ndani ya mtungi kwa pua, kwa kuwa watu husema mkaa huzuia radi isiharibu mayai. Mjusi hakumtuma. Mayai ya kanga aliyapita njiani, akayaacha, ili asiharibu hamu ya karamu yake. Akakonda. Kishingo akanenepa, kishungi kikawaka.

Mnaona ujanja ulipo? Mjomba hakuuona. Aliyekuwa akingoja njaa imtoe kuku ndiye aliyekuwa akiiondoa njaa kila asubuhi. Kishingo hakuwa na sababu ya kwenda mbali. Alitoka mara moja tu kwa siku, Mjomba akiwa huko vichuguuni, akanya, akajigaragaza majivuni, akarudi mayai hayajapoa.

Siku ya ishirini Mjomba alitua mchwa, akatega sikio. Ko.

"Mjusi," akanong'ona, "moja linaumwa. Linakohoa."

"Haliumwi, Mjomba. Linabisha hodi."

Mjomba akageuka, akarudi nyasini. Siku ile hakuuliza kama tayari.

Siku ya ishirini na moja ikafika. Hakuna aliyemwambia alete chochote; leo ilikuwa siku yake ya kula. Lakini miguu imeshazoea. Alipita kichuguuni, akajaza mdomo, akaja. Shwaa, shwaa, shwaa.

Mle mtungini kukasikika pyo. Pyo, pyo. Wale waliokuwa ndani ya maganda walikuwa wamesikia shwaa ile kila asubuhi, na baada yake mama akidona. Kwao shwaa ilikuwa ni chakula. Wakatoka wote, wadogo kama ndimu, manyoya hayajakauka sawasawa, wakamkimbilia Mjomba, wakasimama chini ya kidevu chake, midomo wazi.

Mjomba akatazama. Akafungua kinywa ale. Mchwa wakamwagika.

Pyo, pyo, pyo. Wakawala wote, mmoja akamdonoa Mjomba ulimi akidhani ni mchwa mrefu.

"Mjomba," Mjusi akasema juu ya ukuta, "unacheleweshwa na watoto. Kiota kiko wazi, mama naye ametoka. Kila yai lililomo ni lako, kama tulivyopatana."

Mjomba akakumbuka yeye ni nani. Akaingiza kichwa mtungini. Palikuwa na maganda, na maganda, na yai moja zima. Akalibana kwa meno.

Puu.

Lilikuwa viza. Harufu ikajaa mtungi, na kichwa kimo ndani. Akavuta, kikakwama. Akavuta tena. Alipochomoka, machozi yakimtoka, Kishingo alikuwa ameshawapitisha watoto wake kumi mpaka kizingiti cha jiko la watu, mahali ambapo mbwa hulala. Wote walikuwa chini ya mbawa zake, na miguu yao tu ndiyo iliyoonekana, kama majani ya nyasi.

Naye Kishingo, aliyenyamaza siku zote zile, akageuza shingo yake, akamtazama yule mwembamba mwenye ganda puani. Akamwambia maneno matatu na jina.

Ngano yangu imeishia kiganjani. Mwenye kuitaka aichukue, asiyeitaka amrushie kuku.

Na funzo ni hili. Ukitaka kuku wako atotoe salama, usihangaike na mlango wala mbwa. Mtafute mwizi mwenye njaa, umpe kazi. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Mjomba alivumilia, akala viza. Kwa hiyo, watoto wangu, msivumilie. Wala msiniulize habari za Kishingo, aliyevumilia siku zile zile.

Unasemaje, Mwanakheri? Kishingo alimwambia nini? Nitasemaje, na wetu bado ameatamia? Subiri mpaka —

Pyo.

Msimguse. Leta taa huku, polepole. Mnamwona, chini ya bawa? Amelowa, anatetemeka, ameshatoka. Haya, sasa hakuna wa kumtisha. Kishingo alimtazama, akamwambia:

"Asante kwa mchwa, Kenge."