Ukosi wa Liwali Usio na Tundu

Hapo zamani, katika nchi ya Wafaransa, upande wa milima ambako baridi haipumziki, palikuwa na mji uitwao Monfoberi. Mji huo haukuwa na dhahabu wala bandari. Ulikuwa na mawe, dengu, na wanawake wenye vidole vyepesi, na wanawake hao kazi yao ilikuwa kusuka lesi. Kila mmoja alipakata mto mgumu uliojazwa majani makavu, akachomeka pini mia na zaidi juu yake, akazungusha uzi wa kitani kwenye vijiti vidogo vya mti, kisha akavirusha vijiti hivyo kulia na kushoto, hiki juu ya kile, upesi hata jicho la mtazamaji likachoka. Pini zikisha kung'olewa, ikabaki lesi: maua na majani ya uzi mweupe, na kati yake matundu, kwani bila matundu hayo maua yasingeonekana.

Siku za jua wanawake waliketi nje pamoja, migongo ukutani na mito magotini, wakiimba na kuwasengenya watu kwa zamu, ili asionewe mtu mmoja. Binti akichumbiwa, mchumba wake humchongea kijiti kwa mkono wake. Mama akifa, mto wake humwendea binti. Na hakuna aliyemwazima mwenzake mto, kama vile hakuna anayemwazima mwenzake meno.

Mtawala wa mji aliitwa Liwali Gontrani. Huyu alikuwa hodari wa mambo mawili, kula na kutoa amri, na mara nyingi aliyafanya yote mawili kwa wakati mmoja. Alikuwa na waziri, jina lake Teofredi, ambaye kazi yake ilikuwa kukubali, na kwa kuwa alikuwa mtu wa bidii, alikubali kabla Liwali hajamaliza kusema.

Basi ikawa siku moja Mjumbe wa Mfalme akapita Monfoberi, na Liwali akamfanyia karamu. Alivaa koti jeusi, na juu yake ukosi mpana wa lesi uliofunika kifua chote, kazi ya wanawake sita kwa mwaka mzima. Lakini kabla ya mgeni kuingia, Liwali alikuwa ameionja supu ya dengu, ili ajue kama inafaa, akaionja mara saba, na sehemu yake ilimwagikia kotini. Akaushusha ukosi juu ya doa, akaamini mambo yamekwisha.

Mjumbe akaketi, akamtazama kifuani kitambo, kisha akanena kwa upole, "Naona, Liwali, leo tunakula dengu."

Watu wakainamia sahani zao. Liwali akatazama chini, akaona doa lote likichungulia katika matundu ya lesi, akashikwa na hasira. Yeye hakuikasirikia supu, kwani waliopendana tangu utotoni hawakosani kwa jambo dogo, wala hakuukasirikia mkono wake. Aliyakasirikia matundu.

Asubuhi yake akamwita waziri, akamwambia, "Wanawake hawa wamenidhihaki. Niliwapa uzi mzima, wakanirudishia matundu."

"Matundu matupu, bwana wangu," akasema Teofredi.

"Andika amri."

Teofredi akaandika, na kwa kuwa alipenda maneno yenye mapambo, hakujizuia. Kisha amri ikasomwa sokoni kwa tarumbeta:

"Sisi Gontrani, Liwali wa Monfoberi, tunaamuru tuletewe katika siku arobaini ukosi mpana wa lesi, kazi ya mto na vijiti, usio na tundu hata moja, dogo wala kubwa, mahali popote. Na yeyote atakayetia tundu katika ukosi huo, awe nani awaye, atafungwa gerezani mwaka mzima. Ukosi usipoletwa, mito yote ya mji huu itachomwa moto, wala lesi haitasukwa tena."

Bi Sidonia, aliyekuwa mkubwa wa wasukaji, mwanamke wa miaka sitini aliyeanza kazi hiyo tangu akiwa na miaka mitano, akaenda na wenzake hata barazani. Akapiga goti, akasema, "Mtukufu Liwali, lesi ni uzi pamoja na matundu. Ukiyaondoa matundu, umeiondoa lesi."

Liwali akamgeukia waziri wake. "Umesikia? Anakiri mwenyewe. Miaka yote hii wamekuwa wakinivika hewa."

"Hewa, bwana wangu, tena ya baridi," akasema Teofredi.

Basi askari wakatumwa nyumba kwa nyumba, wakaikusanya mito yote, wakairundika katika ghala la ngome isije ikafichwa. Tangu siku ile mji ukanyamaza. Wanawake waliketi ukutani kama kawaida yao, kwani hawakujua pengine pa kuketi, lakini magoti yao yalikuwa matupu, na vidole vya Bi Sidonia vilikuwa vikicheza hewani bila yeye kujua, kulia na kushoto, mpaka jirani akavishika akavituliza.

Mto mmoja tu haukuchukuliwa. Ulikuwa wa mjane jina lake Apolina, aliyekaa chini ya ngazi za mnara wa kanisa kwa kuwa hapo hapakuwa na mwenye nyumba. Mto wake ulikuwa umetoboka na kuvuja majani, na askari aliyeuona alisema hawezi kubeba uchafu. Mjini walimhesabu Apolina kuwa mpumbavu, kwa sababu kila neno aliloambiwa alilichukua kama lilivyo. Zamani, mumewe akiwa hai na nyumba wakiwa nayo, padri alipohubiri kwamba kila mtu aache mizigo yake mlangoni mwa kanisa, Apolina alimwacha mama mkwe wake pale, akaenda nyumbani. Ilibidi padri mwenyewe amrudishe yule bibi, na njia nzima alijifunza kwa nini aliachwa.

Apolina akaenda barazani, akasema, "Bwana wangu, ukosi nitausuka mimi."

Liwali akamtazama viraka vyake. "Wewe? Na wale hodari wamesema haiwezekani?"

"Wao wana akili, bwana wangu. Mimi hufanya ninaloambiwa tu. Ila nina ombi, nisije nikakosea: hayo maneno ya amri ni hayo hayo, au yako mengine yaliyobaki moyoni?"

"Ni hayo hayo," akasema waziri, akiona fahari, kwani aliyatunga yeye. "Usiongeze wala usipunguze."

"Tundu dogo wala kubwa?"

"Dogo wala kubwa."

"Basi nipeni uzi, na nakala ya amri yenye muhuri, niiweke karibu nisome nikisahau." Akapewa. Apolina hakujua kusoma, lakini hilo hakuulizwa.

Usidhani kwamba hakuogopa. Alipofika chini ya ngazi zake alikaa muda mrefu hajagusa uzi, akifikiri juu ya mito ya watu mia tatu iliyokuwa ghalani. Kisha akaziba matobo ya mto wake kwa soksi ya marehemu mumewe, akachomeka pini ya kwanza.

Wanawake walikuja kumtazama, wengine kwa huruma, wengine wapate la kusengenya, maana vidole visipofanya kazi ulimi hufanya kwa zamu mbili. Aliusuka uzi ukabanana kama nguo ya kitani, na juu yake akainua maua, ndege na mashuke ya nafaka, kazi ambayo hakuna aliyejua kwamba yule mpumbavu anaiweza. Siku ya thelathini akaja Bi Sidonia. Akainama juu ya mto, akafuata kazi kwa kidole kutoka ukingo hadi ukingo. Akafungua kinywa aseme neno, akamtazama Apolina usoni, akakifunga. Kisha akaketi chini, akachukua vijiti vitupu, akaanza kumzungushia uzi, na kila siku iliyofuata alikuja kufanya hivyo, wala hakumwambia mtu.

Ikawa siku ya arobaini Mjumbe wa Mfalme alikuwa amerudi Monfoberi, na Liwali akaona vema amwonyeshe jinsi mtawala anavyoyashinda matundu. Ukumbi ukajaa watu. Apolina akaingia na kitu kilichokunjwa ndani ya shuka, nyuma yake Bi Sidonia na wasukaji wote. Akakitandaza mezani: duara kubwa jeupe, pana kama sinia la karamu, limejaa maua na ndege, hata Mjumbe akasimama kulitazama.

Liwali akampa waziri kazi ya kulikagua. Teofredi akaliinua dirishani, mwanga haukupita. Akaweka jicho, hakuona kitu. Akalimwagia maji kidogo katikati, yakakaa kama kwenye sahani. Akaukagua ukingo wote, akatafuta hata akatoka jasho.

"Hakuna, bwana wangu," akasema. "Hata moja."

"Dogo wala kubwa?"

"Dogo wala kubwa. Mahali popote."

Liwali akafurahi, akatia muhuri hati ya kuupokea ukosi kwamba umetimiza amri, kisha akanyoosha shingo avikwe. Mtumishi akauweka ukosi kichwani, akauvuta chini. Haukushuka. Akauvuta kwa nguvu, ukamziba Liwali macho. Akaugeuza upande wa pili, ukamziba pua. Watu waliona kiwiliwili cha Liwali kimekaa kwenye kiti cha enzi, na juu yake mfuniko.

Sauti ikatoka chini ya lesi. "Shingo yangu inapita wapi?"

Apolina akainama. "Bwana wangu, shingo ya mtu hupita katika tundu."

Liwali akajifunua, uso umekuwa mwekundu. "Ewe mwanamke, ukosi gani hauna pa kuingiza shingo?"

"Ukosi usio na tundu, bwana wangu. Mimi nilifikiri, tena nilisikitika, kwamba Liwali ana shingo kubwa, na tundu lake lazima liwe kubwa. Lakini amri ilikwisha sema: dogo wala kubwa. Nikauliza, nikaambiwa nisiongeze wala nisipunguze."

"Mkasi," akasema Liwali. "Teofredi, kata hapo katikati."

Waziri akashika mkasi, akauelekeza kwenye lesi. Apolina akatoa ile nakala, akampa Mjumbe wa Mfalme, akamwomba amsomee, kwani yeye hakusoma. Mjumbe akasoma kwa sauti nzuri ya taratibu: "Na yeyote atakayetia tundu katika ukosi huo, awe nani awaye, atafungwa gerezani mwaka mzima." Akaugeuza muhuri kwenye mwanga. "Muhuri ni wa kweli kabisa," akasema.

Waziri kwa mara ya kwanza katika utumishi wake hakukubali. Akampa mkasi mkuu wa askari. Mkuu wa askari akakumbuka kwamba ana watoto, akampa mshona nguo. Mshona nguo akampa mtumishi, na mtumishi, asiye na mtu chini yake, akamrudishia Liwali mwenyewe. Liwali akaushika mkasi, akamtazama Mjumbe.

"Awe nani awaye," akasema Mjumbe. "Sisi wa Mfalme tunapenda sana amri zinazotekelezwa."

Kisha akacheka, akacheka hata akashika meza. Ukumbi wote ukacheka, na wa mwisho kucheka alikuwa Liwali, naye alicheka kwa sababu ilikuwa ama hivyo au kulia.

"Na nikifanye nini kitu hiki?" akauliza.

"Kinafaa kuwa kawa, bwana wangu," akasema Apolina. "Kifunike bakuli la supu mpaka wageni wafike."

Liwali akaitwaa nakala mkononi mwa Mjumbe. Akaichana amri mbele ya watu, akatamka, huku Mjumbe akimsikiliza kwa makini, kwamba matundu ni halali katika Monfoberi yote, madogo kwa makubwa. Kisha akamwambia Apolina aombe atakalo.

Watu walidhani ataomba nyumba. Apolina akamtazama Bi Sidonia, akasema, "Naomba mito irudishwe leo, kila mmoja mkononi mwa mwenyewe, na arudishaye awe aliyeiandika amri, peke yake, kwa mikono yake."

Ikawa hivyo. Lakini mito mia tatu ilikuwa imerundikwa bila alama, na Waziri Teofredi hakujua upi ni wa nani. Akaenda mlango kwa mlango na mto kifuani, na kila mwanamke akamkalisha, akahesabu pini zake moja moja, akatafuta kijiti alichochongewa na mumewe, akamweleza mto ule ulitoka kwa bibi yupi, kisha akamwambia, "Huu si wangu, baba, jaribu nyumba ya tatu." Kazi ya leo ilichukua siku tisa. Siku ya kumi Teofredi aliujua ukoo wa kila mto mjini, na kila alipopita sokoni wanawake waliimba wimbo mpya juu ya waziri mmoja, wenye beti ishirini na mbili, na vijiti vyao vikigonga mapigo.

Huo ndio mwisho wake, na mimi niliyeisimulia sikuambulia hata kipande cha utepe.